Kijiji Kisichonyeshewa Jumapili

Vijana wangu wa ofisi ya kilimo, siku ile ya kuniaga mlinisihi nisiondoke na mambo yote kichwani. Soda nimekunywa, kitenge nimekivaa hadi kanisani, sasa ni zamu yangu. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu; zilikuwa ndogo, na zimeandikwa kwenye jalada langu kwa yeyote mwenye macho mazuri. Nitaandika habari za mkebe.

Nilifika Mbinga na sanduku la bati na cheti cha chuo cha kilimo, nimejiandaa kuwafundisha wakulima kahawa. Mkuu wa ofisi akanitazama juu hadi chini, akasema kwenye kahawa kuna watu wa kutosha, niende kwa Mzee Abdalla kwenye mvua. Nilidhani ananitania. Nilizunguka nyuma ya jengo nikamkuta mtu mfupi wa kofia ya kushonwa kwa mkono amepiga magoti kwenye nyasi, shavu karibu liguse ardhi, anatazama glasi yenye maji. Nikamwamkia. Hakuitikia mpaka alipomaliza kuandika.

Mzee Abdalla alikuwa mtu wa pwani, aliyeletwa huku na biashara ya vitambaa ya baba yake, na baridi yetu hajaizoea mpaka leo. Ndiye aliyenionyesha kipima mvua: faneli juu, chupa ndani, na mkebe wa nje unaoishika chupa na kupokea maji ikifurika. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, si tatu na dakika tano, unatoa chupa, unamimina kwenye glasi ya kupimia, unapiga magoti, unasoma pale maji yalipolala katikati, si pembeni yanapopanda. Wiki nzima alinisomesha maji ya bomba. Nikisema kumi na mbili, anasema tazama tena. Nikitazama tena nikasema kumi na mbili, anasema sasa nimeanza kukuamini.

"Mvua haibishani na mtu, mwanangu," aliniambia. "Mbishi ni anayeiandika."

Msidhani kazi yenyewe ilikuwa ya heshima kila siku. Vyura walilala kwenye mkebe, kuku walinywa. Mwaka wangu wa kwanza, katikati ya kiangazi, mbingu haina hata wingu la kuazima, nilikuta maji kwenye chupa nikayaandika kwa furaha kubwa. Mzee Abdalla akainusa chupa, akanirudishia. "Mvua hii," akasema, "imenyeshwa na mwanafunzi aliyekuwa anapita." Tangu siku hiyo kila maji nimeyanusa kabla ya kuyapima, na ninyi mwendelee hivyohivyo, hata kama mmeletewa mashine.

Miguu yangu ilimalizikia kwenye milima ya Umatengo nikimfuata. Mliotoka mikoa mingine mmeona mashamba ya ngoro mkadhani ni urembo. Mama zetu hulaza nyasi kwa mistari inayokatana, wakafukua udongo wa katikati kuzifunika, mlima mzima ukabaki na mashimo kama sega la asali, mahindi na maharage yakapandwa kwenye kingo. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake. Ndiyo maana udongo wetu bado upo mlimani. Lakini Mzee Abdalla alikuwa ameona kitu ambacho chuo hakikunifundisha. "Siku ya kwanza shimo linameza," alisema. "Siku ya pili shimo linatema." Maji ya siku moja, hata mengi, mlima unayanywa. Yakifuatwa na mengine kesho yake, mashimo yamejaa, hakuna pa kuingia, na yote yanateremka kwa pamoja kwenda ziwani. Kwa hiyo daftari letu kubwa lilikuwa na safu ambayo makao makuu hawakuiomba: jumla ya siku mbili. Ikivuka mstari mwekundu, tunawaambia watu wa chini.

Na chini, mimi nilikuwa na mtu. Dada yangu Ositha aliolewa Ngumbo, kando ya ziwa, akajenga karibu kabisa na mdomo wa mto, penye udongo mweusi unaootesha muhogo bila kuombwa. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, akawa anatembea na fimbo. Nilimwambia mara nyingi ajenge juu kidogo, kilimani lilipo kanisa. Akanijibu kwamba kilimani hakuoti muhogo, na kwamba mimi naogopa maji kwa sababu nimezoea kuyaona kwenye glasi.

Likaja soko huria. Chama cha ushirika kilichokuwa kinanunua kahawa tangu nikiwa mtoto kikasinzia, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani na magari yao. Serikalini wafanyakazi wakapunguzwa. Mzee Abdalla alistaafishwa, akafungua duka la kanga na sabuni sokoni, na alionekana mwenye afya kuliko sisi tuliobaki. Fomu za mvua zikaisha, nikawa napiga mistari nyuma ya karatasi za zamani za ushirika. Wapimaji wa vijijini waliokuwa wanalipwa wakaondolewa, nikaambiwa nitafute wa kujitolea.

Kituo kilichonihusu zaidi kilikuwa cha kijiji kimoja kilichokaa kwenye vyanzo vya mto wa Ngumbo. Sitakitaja jina, maana watu wake wametaniwa vya kutosha. Nakiita Kule Juu. Pale nilimpata Mwalimu Engelbert, katekista, mzee mwembamba aliyenyooka kama fito, ambaye hakuwahi kuchelewa ibada wala kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Nilijiona nimebahatika. Jirani yake kulikuwa na zahanati ya masista yenye redio kol kama ya ofisi yetu, kwa hiyo namba zake ningezipata siku hiyohiyo.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mzee Abdalla alinifundisha wiki nzima. Mimi Mwalimu Engelbert nilimfundisha asubuhi moja, kwa sababu nilikuwa nimepewa lifti na gari la mnunuzi wa kahawa, na dereva alikuwa anapiga honi. Nilimwonyesha chupa, glasi, kupiga magoti, ambako hakuhitaji mafunzo. Nikamwambia fomu haitaki nafasi wazi, kila siku iwe na namba. Mkebe wa nje sikuuzungumzia. Nikapanda gari.

Mwaka wa El Niño ulipofika, redio ilikuwa imetutisha kwa miezi. Mzee Abdalla alinieleza dukani kwake, akikunja kanga, kwamba kuna bahari kubwa upande wa pili wa dunia, na maji yake yakipata joto kupita kawaida, pepo na mawingu ya dunia nzima hukosa njia: huku mafuriko, kwingine ukame. "Bahari ikishikwa homa kule," alisema, "jasho linatutoka sisi." Wakulima walitaka maelezo mafupi zaidi. Padre alipowaeleza kwamba jina hilo maana yake ni Mtoto, tena Mtoto Yesu, wanawake wa jumuiya wakachukia kweli, wakasema aliyeipa mvua jina hilo hajawahi kubomokewa na nyumba. Nilianza kuitwa Mama Mvua mwaka huo, na si wote walioniita hivyo kwa mapenzi.

Ilikuwa Jumatatu. Mjini kwetu ilinyesha tangu Jumamosi usiku, misa ya Jumapili tuliisali tumelowa, na asubuhi ile ilikuwa bado inanyesha. Lakini milima yetu mnaijua: huku mafuriko, ng'ambo ya kilima watu wanaanika maharage. Saa tatu na nusu Mwalimu Engelbert akasoma namba zake kwenye redio. Jumapili, sifuri. Jumatatu, chupa nzima. Ilikuwa mvua kubwa, lakini ya siku moja. Mstari mwekundu ulikuwa mbali. Nikawaita Ngumbo, ambako redio ilikuwa kwa Nesi Bathilda wa zahanati, kilimani jirani na kanisa.

"Ngumbo, Ngumbo, Mbinga hapa. Kule Juu jana hakuna, leo chupa moja. Ni siku ya kwanza tu. Tulieni, ova."

"Asante, Mama Mvua. Huku jua linawaka, watu wako mashambani. Nazima redio, betri imechoka. Tuonane saa saba, ova na mwisho."

Nikavuta daftari kuingiza namba. Nilikuwa napiga mstari wa wiki mpya, rula imelala juu ya ukurasa, jicho likapanda lenyewe kwenye safu ya Kule Juu. Jumapili, sifuri. Jumapili iliyotangulia, sifuri. Nikafunua nyuma. Masika yote, vuli yote, Jumapili sifuri, sifuri, sifuri. Na Jumatatu nyingi, namba ileile moja: chupa nzima, haizidi wala haipungui. Mwaka mzima nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kuna kijiji Tanzania ambacho Mungu hakinyeshei Jumapili, na sikushtuka. Nikaita Kule Juu tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama. Nimekosea hesabu?"

"Nauliza tu. Jana kwako haikunyesha?"

"Ilinyesha sana! Mahubiri hayakusikika, bati lilipiga kelele kunishinda."

"Mbona umeniandikia sifuri?"

"Jumapili sipimi, Mama. Ni siku ya Bwana, na kupima ni kazi, tena ya serikali. Wewe mwenyewe ulisema fomu haitaki nafasi wazi."

Nilikuwa nimesema. "Na maji ya Jumapili yanakwenda wapi, Mwalimu?"

"Yale yanayofurika nje ya chupa? Hayo ndiyo ya Jumapili. Jumatatu napima ya chupani, ya mkebeni namwagia kabichi."

Kwa haki, maji ya Jumapili ndiyo yaliyotangulia kuingia chupani, lakini haukuwa wakati wa kubishana. "Leo mkebeni yalikuwa kiasi gani?"

"Ulijaa, Mama. Ulimwagika nilipouinua."

"Na sasa hivi hali ikoje?"

"Inanyesha. Huisikii?"

Nilikuwa naisikia tangu mwanzo. Nilidhani ni mkwaruzo wa redio.

Vijana, hesabu mnaijua. Mashimo ya mlima mzima yalikuwa yamejaa tangu jana, na maji ya siku ya pili yalikuwa njiani kuelekea mahali penye jua, ambako watu wamepinda migongo kwenye muhogo kwa sababu mimi nimewaambia watulie. Niliita Ngumbo mara sita. Redio ilikuwa imezimwa mpaka saa saba. Simu hakuna. Gari, kwa barabara ile na tope lile, lingefika kesho kuzika. Nilimwona Ositha na fimbo yake kana kwamba yuko mbele ya meza.

Ndipo nilipokumbuka kengele. Sisi wa huku tuna desturi: mtu wa kanisa akifa, padre, katekista au mzee wa parokia, kigango chake, yaani kanisa dogo la kijijini kwake, hupiga kengele ya msiba, pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine. Kigango cha chini kikiisikia nacho hupiga, na cha chini yake, mpaka habari inafika ziwani kabla ya mtu yeyote mwenye miguu. Ikilia hiyo, aliyeinua jembe analishusha. Watu wote hupanda kanisani kusikia jina la marehemu, na asiyekwenda huulizwa kwa miaka.

"Mwalimu, piga kengele ya msiba."

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Ndiyo maana nakuomba upige sasa."

"Mama, kengele ile imebarikiwa. Nikiipiga hakuna maiti, nimetangaza uongo bonde zima."

"Mwalimu," nikamwambia, "mwaka mzima umeniandikia sifuri."

Sijivunii maneno hayo. Mzee wa watu alikuwa mkweli kuliko mimi, na kosa la kutomfundisha lilikuwa langu. Nilisikia kinasa kikiwekwa mezani, kimeachwa wazi, kisha mlango, halafu mvua peke yake kwa muda. Kisha, kwa mbali, ile rimu ya lori wanayoitumia Kule Juu kama kengele, pigo moja. Nilihesabu kimya. Pigo jingine.

Kusubiri hakujawahi kuniua, lakini siku ile kulijaribu. Nilikwenda dukani kwa Mzee Abdalla, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akauliza swali moja tu: "Mkebe wa nje hukumwonyesha?" Nikasema sikumwonyesha. Akanivutia kigoda, akanipa chai ya tangawizi, akafunga duka, akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi tukatembea pamoja mpaka ofisini, yeye ndiye aliyekuwa ameshika mwavuli.

Saa saba kamili niliita. Hakuna. Nikaita tena, na tena, na mara ya nne sauti ya Nesi Bathilda ikaingia, ya hasira.

"Mama Mvua, afadhali umepatikana! Watu wamejaa kanisani tangu kabla ya saa sita, tunauliza kila upande, hakuna anayejua. Marehemu ni nani, ova?"

"Wako wote?"

"Wote! Hata wavuvi wamepandisha mitumbwi wakaja."

"Dada yangu Ositha?"

"Huyu hapa, ndiye anayefoka kuliko wote. Amefunga virago vya msiba kabisa, ova."

Nikasikia kinasa kikinyang'anywa. "Editha! Nimepanda kilima hiki na fimbo, mboga nimeiacha jikoni, kufika hapa jina halitajwi! Huo ni msiba gani?"

Nilicheka, machozi yakaingia mdomoni, Mzee Abdalla akageukia ukutani kunipa nafasi. Kule Ngumbo nikasikia watu wakipiga kelele, wakikimbilia nje, kisha hakuna, kisha Nesi tena, safari hii polepole.

"Mama, mto haupo pale ulipokuwa. Uko kwenye nyumba."

Uliondoka na nyumba ya Ositha, jiko, mboga ile ya kwenye jiko, shamba la muhogo, na bata wake wawili ambao aliwalilia kwa majina. Uliondoka na nyumba nyingine za pale chini. Mtu hata mmoja haukumpata. Nimesikia watu wakisema katika siku kama hiyo furaha ni dhambi, maana wenzako wamepoteza mali. Mimi nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe na viatu miguuni, nimefurahi.

Somo la kazi liko hapa, likateni mlibandike ukutani: sifuri na "haikupimwa" si kitu kimoja. Sifuri ni neno la mtu aliyepiga magoti akatazama. Zile Jumapili zote za Kule Juu nilizikata kwa wino mwekundu moja moja, nikaandika ukweli pembeni, na kwenye ripoti nilitaja aliyepima ni nani na aliyemfundisha vibaya ni nani. Makao makuu hawajanijibu mpaka leo.

Mwalimu Engelbert alikwenda kuungama kwa ajili ya kengele. Najua kwa sababu alinieleza mwenyewe, amechukizwa kidogo. Padre alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu mkebe, akauliza kuhusu kabichi, kisha akampa kitubio: kupima mvua kila Jumapili, kabla ya ibada, maisha yake yote. Wiki iliyofuata nilipanda Kule Juu tena, na safari hii nilimwambia dereva wa mnunuzi aende zake. Mzee Abdalla alikuja nami amejifunga shuka mbili. Walipiga magoti pamoja kwenye nyasi, mswalihina wa pwani na katekista wa Kimatengo, mmoja akimshikia mwenzake mkebe wa nje, wakasomeshana maji ya kisima siku mbili. Mimi nilipika.

Ositha alijenga kilimani. Muhogo alilima palepale chini, akiwa na sikio moja juu. Watoto wa Ngumbo wakamzoea: kengele yoyote ikilia nje ya saa zake, yeye ndiye wa kwanza kushika fimbo, na humuuliza kila anayekutana naye njiani, "Ni mtu au ni mvua?"

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa Ngumbo kumtembelea. Jumapili mchana, mbingu safi, tunakula ugali na usipa, dagaa wa ziwa letu, kengele ikashuka kutoka milimani. Pigo, kimya, pigo. Ositha akaacha tonge, tukapanda naye taratibu. Mlangoni mwa kanisa akauliza lile swali lake. Safari hii wakamjibu: ni mtu, ni Mwalimu Engelbert wa Kule Juu, amefariki asubuhi kitandani kwake, kwa uzee.

Dada yangu akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akaiweka fimbo magotini.

"Basi huyu ndiye marehemu wetu wa siku ile," akasema. "Tumemsubiri kweli."

Kesho yake nilipanda kwenda kuzika. Daftari lake lilikuwa mezani chini ya rozari, Jumapili zote zimejazwa kwa mwandiko ulionyooka, isipokuwa ya jana. Nikatoka uani. Niliitoa chupa, haina hata tone, nikauinua mkebe wa nje, nikapitisha kidole ndani mpaka kwenye kona. Pakavu. Nikarudi mezani, nikaandika sifuri kwenye Jumapili yake.